Kabla Hujanunua Mmea Mwingine wa Kuja Kuua

Hebu tuambiane ukweli, wewe na mimi. Kwenye dirisha la keja yako kuna mkebe wa udongo mkavu na kijiti kimoja cha rangi ya kahawia. Kijiti hicho kilikuwa mmea. Uliununua mwisho wa mwezi, mfuko ukiwa bado na pumzi, ukaupiga picha kando ya kitanda, picha ikaenda Instagram, marafiki wakakusifu. Wiki ya tatu majani yakawa manjano. Ukaongeza maji. Wiki ya nne yakaanguka. Ukaongeza maji tena. Sasa umebaki na mkebe, na mgeni akiuliza unajibu, "Mimi sina mkono wa mimea."

Kauli hiyo nimeisikia kutoka Majimbo kule Embu hadi Makutano hapa Meru, na kusema kweli nimechoka nayo. Mtu aliyezaliwa chini ya Mlima Kenya, ambaye nyanya yake alisomesha watoto kwa kahawa na ndizi, anasema hana mkono wa mimea? La hasha. Mkono unao. Unachokosa ni vitu viwili: habari zinazohusu mahali unapoishi, na udongo wa kupandia. Habari nitakupa leo. Hilo la udongo lina wenyewe, na hao nao nitawasema kabla sijafika mwisho.

Kwanza nijitaje, usije ukadhani unasoma mtaalamu. Niliacha chuo mwaka wa pili, pale Embu. Karo. Tuache hapo. Nilipohama chumba changu nilikuwa na godoro, meko ya gesi na mmea mmoja wenye majani yaliyosimama wima kama mapanga, mwenye mistari ya manjano pembeni. Hata sikuununua. Mpangaji aliyenitangulia aliuacha bafuni, nami nikauhurumia. Nikaenda kwa cucu, huko Runyenjes, kutuliza kichwa, nikakaa wiki tano. Mmea ule nikawa nimeufungia chumbani bila tone la maji. Niliporudi kuchukua vitu vyangu ulikuwa umetoa chipukizi mbili. Manze, kila nilichokuwa nimekishughulikia mwaka ule kilikuwa kimekauka. Kilichostawi ni kile ambacho sikukigusa.

Kwa ujeuri wa aliyefaulu mara moja, nikatoka na Sh1,500, pesa za kodi zile, nikanunua Monstera. Unaijua: majani mapana yenye matundu, ile iko katika kila video ya nyumba za kifahari. Ilikaa miezi miwili ikafa. Dirisha langu lilikuwa linatazama ukuta wa ploti ya jirani, umbali wa mkono mmoja. Nilikuwa nimenunua mmea wa misitu ya Mexico na Amerika ya Kati nikauweka pangoni.

Hapo ndipo nilipojifunza la kwanza, na kama huna muda wa kusoma yote, chukua hili uende nalo: usichague mmea kwa sura yake. Chagua kwa mwanga ulio nao. Saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka mmea, kisha inua mkono wako juu yake kama futi moja hivi. Kivuli kikitokea chenye mipaka mikali, vidole vinahesabika, una mwanga mkali. Kikiwa na ukungu ukungu lakini unatambua ni mkono, una mwanga wa wastani. Usipoona kitu, buda, hapo ni pango, na kuna mimea miwili au mitatu tu itakayokuvumilia. Jaribio hili ni la bure na lingeniokolea ile elfu moja na mia tano.

Sasa kuna jambo ambalo video za ng'ambo zinatupotosha kabisa. Utasikia Mwingereza au Mmarekani akikuambia weka mmea wako kwenye dirisha linalotazama kusini. Kwao ni sahihi, kwa sababu jua lao linakaa upande wa kusini mwaka mzima. Sisi hapa tuko juu ya ikweta. Si msemo, mstari wenyewe unapita kati ya mji wa Meru na Nkubu, na Embu iko chini yake kidogo tu. Kwetu jua linahama. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba linaegemea kaskazini, halafu linavuka linakaa kusini hadi Machi tena. Kwa hiyo dirisha la kusini, ambalo Mzungu wa video analisifu, kwako halitapata jua la moja kwa moja mwezi wa Juni hata kidogo. Lakini Januari, wakati wa kiangazi, jua hilohilo litaingia na kuchoma majani kama chapati.

Na dirisha la kaskazini je? Kwa hesabu linapaswa kupata jua Juni na Julai. Lakini wewe ni mtu wa hapa, unajua Julai ya Embu ilivyo. Mawingu yanashuka, manyunyu asubuhi, watu wanavaa makoti mawili, jua unalisikia tu kwa watu wa Mombasa. Ndiyo maana mimi napendelea dirisha la mashariki. Jua la asubuhi ni pole, linakuja mwaka mzima, na linaondoka kabla halijawa kali. La magharibi ni kali zaidi, ila kwa mimea inayopenda joto si baya. Kama hujui dirisha lako linatazama wapi, utafute mlima asubuhi ukiwa wazi. Ukiuona kutoka dirishani na uko mjini Meru, unatazama upande wa magharibi. Ukiuona na uko Embu, unatazama kaskazini. Mlima huo umekaa pale kutusaidia na vitu vingi kuliko kupigiwa picha.

Maji sasa. Mimea mingi ya ndani haifi kiu. Inazama. Mizizi inahitaji hewa kama wewe. Udongo ukikaa umelowa siku baada ya siku, mizizi inaoza, na mizizi iliyooza haiwezi kunyonya maji, kwa hiyo majani yanalegea kana kwamba yana kiu. Wewe unaona kiu, unamimina tena. Ni kama kumpa mtu anayezama glasi ya maji. Usimwagilie kwa kalenda, eti kila Jumapili baada ya kanisa. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, ondoka. Kukiwa kukavu, mwaga maji mpaka yatoke chini, kisha umwage yaliyobaki kwenye kisahani. Na wakati wa baridi, Juni hadi Agosti, punguza hata nusu, kwa sababu mmea umelala na udongo haukauki.

Ukisoma hapo uone neno "yatoke chini", maana yake chombo kina matundu. Vile vyungu vya kauri vya kupendeza visivyo na tundu ni majeneza. Kama umependa rangi yake, panda mmea katika mkebe uliotobolewa kwa msumari wa moto, kisha uuingize ndani ya hilo jeneza kama pambo. Mkebe wa Kimbo au debe la rangi ni sawa kabisa. Mmea haujui bei ya chungu.

Kuhusu udongo sitakaa sana. Udongo wetu mwekundu wa mlimani ni baraka shambani, lakini ukiutia peke yake katika mkebe unashikana kama tofali. Changanya sehemu moja ya udongo huo, moja ya mchanga wa mtoni na moja ya samadi iliyooza vizuri, ile isiyonuka tena. Ukipata maganda ya mpunga, na Mwea ni hapo tu jirani, tia konzi kadhaa. Yanaacha nafasi za hewa. Vidungata, wale wadudu weupe kama pamba, wapanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Rudia baada ya wiki. Basi.

Tuingie kwenye utamu. Ni mmea gani ununue? Nitakuambia jambo lililonikera nilipoligundua. Kuna ule mmea wa majani mazito yanayong'aa utadhani yamepakwa mafuta, unaouzwa kwa jina la ZZ, ambao watu wa ofisi za Nairobi wanaulipia pesa ndefu. Jina lake kamili ni Zamioculcas zamiifolia. Wengi wanadhani ni kitu cha China au Uholanzi. Ajabu ni kuwa asili yake ni hapa, Afrika Mashariki, kuanzia pwani ya Kenya kuteremka hadi Afrika Kusini. Wakulima wa Uholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, ukapata umaarufu duniani, ukaturudia na bei ya mgeni. Chini ya udongo una viazi vinavyoweka maji, kwa sababu kwao mvua si ya kutegemea. Kwa hivyo unavumilia pango na unavumilia mtu anayesahau. Maji mara moja kwa wiki tatu yanatosha. Jani lake moja likichomekwa kwenye udongo huzaa mmea mzima, ila uwe na subira ya miezi mingi. Mimi langu lilikaa nikidhani limekufa, nikaja kuligusa nikakuta kiazi cha ukubwa wa karanga.

Historia hiyo haikuanza na ZZ. Mwaka 1892, afisa wa Kijerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire, akiwa Tanga, alikusanya ua dogo la zambarau katika milima ya Usambara na kulipeleka kwa babake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, jina la familia hiyo. Leo liko kwenye madirisha ya nyanya wa Ulaya na Marekani kwa mamilioni, wameunda chama na mashindano juu yake. Ndugu zake wa porini wamebaki katika misitu midogo ya Tanzania na Kenya, mmoja wao uko Mbololo kule Taita pekee, na uko hatarini. Ukilipata kwa muuza miche, na huwa lipo, lichukue. Linapenda dirisha la mashariki lenye pazia jepesi. Usimwagie maji baridi juu ya majani yake. Weka sahani ya maji chini, linywe lenyewe nusu saa.

Mmea wangu wa mapanga, Sansevieria, nao una ukoo mkubwa hapa kwetu. Ule wenye mistari ya manjano unatoka Afrika Magharibi, lakini ukishuka Mbeere au Tharaka utaona binamu zake wakijiotea chini ya migunga. Wataalamu siku hizi wameuhamishia katika jenasi ya Dracaena, sisi hilo halituhusu. Muhimu ni kuwa ukitaka kumgawia rafiki, mpe mche uliochipuka kutoka mizizini. Ukipanda kipande cha jani, kitaota, lakini mistari ya manjano itapotea, urudi kuniambia nilikudanganya. Na kama huna hata senti, tafuta mtu mwenye ule mmea wa majani membamba unaoning'iniza vitoto kama buibui. Umwombe kitoto kimoja. Hakuna Mkenya aliyewahi kununua huo, unatembea tu kutoka nyumba hadi nyumba kama habari za mtaa.

Nikikaa hapo, wacha nivunje uongo mmoja. Muuzaji atakuambia mmea unasafisha hewa ya chumba, "hata NASA wamesema." Kweli mwaka 1989 mtafiti wa NASA, Wolverton, alitoa ripoti kuhusu mimea inayoondoa kemikali hewani. Lakini alifanya hivyo katika masanduku yaliyofungwa kabisa. Mwaka 2019 watafiti Cummings na Waring walipitia tafiti za aina hiyo wakapiga hesabu ya chumba cha kawaida: ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili ushindane na hewa inayopita dirishani. Bedsita yako ingekuwa Msitu wa Imenti na wewe ungelala nje. Fungua dirisha. Mmea ununue kwa sababu unakupendeza, hiyo ni sababu tosha.

Wenye watoto au paka, hapa nisomeni polepole. Ule mmea wa majani makubwa yenye madoadoa meupe, Dieffenbachia, ukitafunwa ulimi unavimba na koo linawaka. ZZ na ule wa kutambaa tunaouita wa pesa nao wanawasha mdomo, ingawa kwa kiasi. Nje, yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta na kunukia jioni ni sumu kuanzia mzizi hadi ua. Kariaria tunayoifanya ua wa boma, maziwa yake yakiingia jichoni ni safari ya hospitali. Sisemi uing'oe. Nasema mtoto wa kutambaa na mmea wa sumu visiwe kwenye usawa mmoja.

Halafu kuna biashara fulani ambayo sitainyamazia. Kuna vijana, na baadhi ni marafiki zangu, wanaoshuka nyanda kavu na majembe, wanang'oa shubiri mwitu na waridi la jangwani, wanakuja kuuza mjini kama "mimea asili". Najua njaa ilivyo, kwa hiyo sitakuja na kidole cha mwalimu mkuu. Lakini ujue hivi: Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa shubiri mwitu mwaka 1986, na tangu 2007 kuna kanuni zinazotaka uwe na kibali na uvune kutoka mashamba yaliyopandwa. Kimataifa pia, aina zote za shubiri ziko chini ya mkataba wa kudhibiti biashara ya viumbe vya porini, isipokuwa Aloe vera ya kawaida. Shubiri ya mwituni inakua polepole mno. Ukiing'oa kwa dakika mbili, umebeba miaka, na nusu yake inakufia njiani kwa sababu mizizi imekatika. Ukitaka biashara, omba chipukizi kwa mtu mwenye moja nyumbani, uzalishe. Kwa mwaka mmoja utakuwa na za kuuza bila kumkimbia askari wa wanyamapori.

Na mnunuzi, swali ni lako: "Huu umeuotesha wewe?" Muuzaji wa kweli atakuonyesha kitalu chake kwa furaha, mpaka utajuta kuuliza.

Sasa tutoke nje ya mlango, maana hapa ndipo penye hasira yangu.

Mimea ya chumbani ni mizuri, ila kuna ile mingine, ya kudumu, unayoipanda mara moja ikakaa miaka kumi, ishirini. Hutaimwagilia baada ya msimu wa kwanza. Agapanthus yenye vichwa vya buluu, ya Kusini mwa Afrika lakini iko nyumbani kabisa kwenye baridi ya Kaaga. Kanna nyekundu ambayo hata ukiikata inarudi na hasira. Pentas, yenye vishada vya nyota ndogo, mwenyeji wa nchi hii, vipepeo wanaipenda kuliko kitu chochote. Ile ya maua kama mienge ya moto, Kniphofia, ambayo aina yake moja inaota yenyewe juu ya mlima wetu. Embu mjini ambako kuna joto kidogo, bogonvilia haikushindi. Upande wa Siakago na Kiritiri usihangaike na agapanthus, panda waridi la jangwani lililooteshwa kitaluni. Wakati wa kupanda ni mvua inapoanza, katikati ya Machi au katikati ya Oktoba, na kwetu upande huu wa mlima ile ya Oktoba ndiyo nitaisubiri. Lantana iache ilipo. Ililetwa kama ua la kupendeza na sasa inakula malisho. Waulize watu wa Laikipia kuhusu dungusikakati lililoletwa enzi za ukoloni kama pambo na ua wa boma.

Babu zetu mimea ya kudumu hawakuipanda kwa urembo tu. Katika kona ya shamba la cucu kuna ithare, Dracaena ndefu kama mtu juu ya mabega ya mwingine. Niliwahi kumuuliza kwa nini hawaikati wapate nafasi ya mahindi. Akanitazama kama mtu aliyetaka kuuza choo cha jirani. Ule ni mpaka. Uliwekwa na watu waliokwisha kufa, ukiuondoa unaamsha kesi waliyoimaliza. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu Wagikuyu, ameeleza jinsi mayungiyungi yaitwayo matoka yalivyopandwa mipakani mbele ya wazee. Wachagga upande wa Kilimanjaro wana masale, Dracaena pia, ambayo ni mpaka na pia ni ombi la msamaha. Mtu akikujia na jani la sale ni vigumu kumfukuza. Mmea huohuo, aina ya jamaa zake, unauzwa sasa katika chungu cheupe kama pambo la sebule, na aliyeununua hajui kuwa anamiliki hati ya ardhi.

Nikaona tofauti yetu na wao. Wao walipanda kitu cha miaka mia kwa sababu walijua watakuwepo, au watoto wao watakuwepo. Mimi na wewe tunapanga kwa mwezi. Nani atapanda kitu cha miaka kumi kwenye nyumba ambayo kodi ikipanda Januari atahama?

Mimi nilijaribu. Ploti niliyoishi baada ya kuja Meru ilikuwa na kipande cha udongo kando ya lango, upana kama kitanda, urefu hatua kumi na mbili. Kilikuwa na makaratasi na chupa. Wapangaji watatu tukakisafisha. Mama wa nambari nne akaleta kanna kutoka kwao Mikinduri, mimi nikaleta agapanthus za cucu, fundi wa pikipiki akaleta samadi kwa kitu kilichokuwa gunia. Msimu wa pili kulikuwa na maua na watu walikuwa wanasimama langoni kuzungumza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kabla ya hapo nilijua jirani zangu kwa miguu tu, viatu nje ya mlango. Siku moja nikarudi nikakuta kabro. Mwenye nyumba alikuwa ameamua kupaka ploti "sura ya kisasa" ili apandishe kodi. Hakutuambia. Agapanthus zilikuwa kwenye toroli, mizizi juu.

Sikupigana naye. Ploti ni yake. Lakini hii ni safu ya maoni, na maoni yangu ni kwamba wenye ploti wa miji hii miwili wanakosea, na si mimi tu ninayepoteza. Ukizifunika zote kwa simiti, maji ya mvua ya Oktoba yanakwenda wapi? Unayajua, yanaingia nyumba ya chini kabisa. Serikali ilitangaza lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, ikatupa hata sikukuu ya Novemba 13, 2023 tukapande. Nilikaa nyumbani siku hiyo nikiangalia kabro. Kijana wa mjini anaambiwa kila siku apande, na hana hata futi moja ya udongo ambayo ana ruhusa ya kuichimba.

Kwa hiyo ninaomba kitu kidogo. Mwenye nyumba, acha mita moja kando ya ukuta bila simiti. Haikupunguzii chumba hata kimoja. Ukiogopa mizizi kuvunja ukuta, kataza mikuyu na mivinje, ruhusu hivi vya kudumu vya mizizi mifupi. Mawakilishi wa wadi, mnapojadili ramani za majengo Meru na Embu, mita hiyo iandikwe humo. Na wewe mpangaji, muulize mwenye nyumba kabla hujachimba, na mkubaliane kabisa kuwa ukihama unaweza kuchukua nusu ya shina. Mimea hii haikasiriki ikigawanywa. Agapanthus ikikaa miaka mitatu minne inabanana, maua yanapungua, na kuikata vipande ndiyo dawa yake. Ukichukua nusu, umeifanyia hisani iliyobaki.

Kuna atakayesema tuna mambo makubwa kuliko maua. Kazi hakuna, karo haijalipwa, na huyu anatuletea vishada. Nimelala njaa, kwa hiyo hilo silipuuzi. Ila yote niliyokutajia leo, ukiondoa ile Monstera, niliyapata kwa kuomba au kuokota. Na kati ya wale wauza miche walio kandokando ya barabara kutoka Embu kuja Meru, wengi ni wa rika letu, wamekaa na vitalu vyao juu ya ardhi ya barabara wasijue lini watafukuzwa. Wananijua mpaka tumeanza kubadilishana. Mimi napeleka vitoto vya ZZ, wao wananipa nilichokosa. Sijui kama hiyo ni kazi. Mwezi uliopita ililipa umeme.

Zile agapanthus za kwenye toroli nilizichukua usiku uleule. Nilizikata majani, nikaziweka kwenye gunia lenye unyevu chini ya kitanda, na wiki moja baadaye nikazipanda katika madebe matano ya rangi kwenye veranda ninapoishi sasa. Mama wa nambari nne alibeba kanna zake, sasa anaishi Gitimbine na ananiambia zimefika kiunoni. Debe moja la kwangu limebanana kabisa, Oktoba nitaligawanya na nitakuwa na vipande vitatu au vinne ambavyo sina pa kuviweka. Ukiwa Makutano wakati huo, kimoja ni chako. Uje na mkebe, na uwe umeutoboa.